Picha Gani, na Ilimalizikaje? Kupima Ufaafu wa Filamu za Mikasa kwa Watoto wa Mombasa Bara

Utangulizi

Shule zinapofungwa, watoto wa Mombasa bara hupata mwalimu mwingine. Wale wa Mtongwe na Timbwani kule Likoni, wa Mjambere na Mlaleo kule Kisauni, na wa Chaani na Magongo kule Changamwe, wote hujikuta mbele ya kioo: kiwe cha runinga ya sebuleni, cha simu ya mkononi au cha kibanda cha video mtaani. Wazazi wengi wa sehemu hizi huondoka alfajiri kwenda bandarini, viwandani, sokoni, au kuvuka feri kuelekea kisiwani, na hurejea magharibi imekwisha kuingia. Mtoto akiulizwa alishinda wapi, jibu huwa jepesi: "Nilikuwa natazama picha." Mzazi naye huuliza swali moja tu: "Picha gani?" Akitajiwa picha ya wanyama au ya mtoto shujaa, moyo wake hutulia.

Makala haya yanachunguza utulivu huo wa moyo. Filamu ya kifamilia yenye mikasa, yaani ile iliyokusudiwa kutazamwa na wakubwa kwa wadogo, na ambayo ndani yake mna safari, hatari na ushindi, hupimwa kwa kigezo gani hata ikasemwa kwamba inamfaa mtoto? Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ufaafu haukai ndani ya filamu peke yake. Hukaa baina ya filamu, anayeisimulia na anayeitazama. Kwa sababu hiyo, istilahi tatu ambazo mwanafunzi wa fasihi simulizi anazifahamu vyema, yaani fanani, hadhira na muktadha, zinaweza kumsaidia mzazi pale ambapo herufi zilizochapwa kwenye jalada la santuri haziwezi.

Daraja la Umri na Mipaka Yake

Nchini Kenya, maonyesho ya filamu huongozwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, Sura ya 222, iliyotungwa mwaka 1962. Sheria hiyo inataka filamu ikaguliwe na kupewa cheti kabla ya kuonyeshwa kwa umma. Kazi ya ukaguzi hufanywa na Bodi ya Uainishaji wa Filamu, ijulikanayo kwa kifupi kama KFCB. Madaraja yaliyozoeleka ni GE kwa filamu ya watu wote, PG kwa filamu inayohitaji uangalizi wa mzazi, na yale ya miaka 16 na 18. Kwa upande wa utangazaji, kanuni za vipindi zimetenga muda wa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa nne usiku uwe wa vipindi vinavyoweza kutazamwa na familia nzima.

Ni vyema kutambua kwamba madaraja haya si vipimo vya kudumu mfano wa ratili au futi. Ni makubaliano ya watu wa mahali fulani kwa wakati fulani. Mwaka 1984, filamu ya Indiana Jones and the Temple of Doom ilitolewa Marekani ikiwa na daraja la PG. Wazazi waliowapeleka watoto wao kutazama safari ya shujaa huyo walikutana na tukio la mtu kung'olewa moyo angali hai. Malalamiko yaliyotokana na filamu hiyo, pamoja na ile ya Gremlins ya mwaka huo huo, yalisababisha kuanzishwa kwa daraja jipya la PG-13 mnamo tarehe 1 Julai 1984. Vivyo hivyo, The Lion King ya mwaka 1994 ilipewa daraja la G, yaani ya watu wote, huko Marekani. Hadithi hiyo hiyo iliporudiwa mwaka 2019 kwa picha zinazofanana na wanyama halisi, ilipewa PG. Kisa hakikubadilika sana. Kilichobadilika ni namna ya kukionyesha na macho ya waliokitazama.

Aidha, daraja la umri linahitaji mlango na mtu wa kuusimamia. Zamani, mtoto wa Likoni aliyetaka kutazama sinema katika majumba ya kisiwani kama Regal au Naaz alipaswa kuvuka feri, kupata nauli, kukata tiketi na kupita mbele ya mtu aliyemwona uso. Jumba la Nyali Cinemax, lililoko upande wa bara ya kaskazini, lingali na mlango wa aina hiyo. Kibanda cha mtaani kina pazia tu, na simu haina hata hilo pazia. Zaidi ya hayo, herufi PG zenyewe humkabidhi mzazi jukumu la kuangalia. Pale ambapo mzazi yuko zamu bandarini, agizo hilo linakosa wa kulipokea.

Hofu ya Zimwi na Hofu ya Filamu

Baadhi ya wazazi hudhani kwamba filamu inayofaa ni ile isiyomtia mtoto hofu kabisa. Dai hili haliafikiani na malezi ya Waswahili wala ya jamii jirani za Wamijikenda. Ngano walizosimuliwa watoto wa pwani kizazi baada ya kizazi zimejaa mazimwi yanayokula watu, wasichana wanaotiwa ndani ya ngoma na watoto wanaopotea mwituni. Hofu hiyo haikuwa kasoro. Ilikuwa sehemu ya mafunzo, kwa kuwa mtoto alijifunza kuogopa akiwa salama na kuona kwamba hofu ina mwisho.

Kilichoifanya hofu hiyo ivumilike ni mtambaji. Bibi aliyeketi mkekani aliijua hadhira yake kwa jina na kwa umri. Alipoita "Paukwa!" na kujibiwa "Pakawa!", alifungua mlango wa dunia nyingine kwa idhini ya wote. Mtoto mdogo aliposhika leso yake kwa nguvu, bibi aliteremsha sauti, akaanzisha wimbo, au akaliharakisha zimwi lifikie kifo chake. Hatimaye aliufunga mlango ule kwa kauli ya mwisho, na watoto wakaenda kulala wakijua kwamba zimwi limebaki upande wa pili.

Filamu haina uwezo huo wa kuiona hadhira yake. Katika The Lion King, Mufasa anauawa na nduguye Scar bondeni, katikati ya kundi la nyumbu wanaotimua mbio. Mwanawe, Simba, anajaribu kuuamsha mwili wa babake, kisha anaaminishwa na ami yake kwamba yeye ndiye aliyesababisha kifo hicho. Kwa mtoto wa miaka sita, jambo zito hapa huenda lisiwe kifo chenyewe bali hatia. Watoto wa umri huo huwa wepesi kuamini kwamba mabaya yanayotokea nyumbani yametokana na makosa yao. Filamu yenyewe inalitibu jeraha hilo, kwani mwishoni ukweli unafichuka na Simba anajua kwamba hakumuua babake. Hata hivyo, tiba hiyo inakuja sehemu ya mwisho kabisa.

Hapa ndipo muktadha wa Mombasa bara unapoingia. Umeme ukikatika katikati ya filamu, au mtoto akitumwa dukani, au akiwa anatazama kipande kifupi tu kwenye simu ya kaka yake, ataondoka akiwa na jeraha bila dawa. Filamu iliyopimwa na wakaguzi ni nzima. Mtoto huenda akawa ameona robo yake. Kwa hiyo, swali la kwanza la ufaafu si kama filamu inatisha, bali ni kama mtoto atafikishwa mahali ambapo hofu hiyo inafungwa.

Lugha: Neno Lisikiwalo na Mswahili Pekee

Kigezo cha pili ni lugha. Watengenezaji wa The Lion King walichota majina kutoka Kiswahili: Simba, Rafiki, Pumbaa na, miongoni mwa fisi, Shenzi. Kwa mtoto wa Marekani, majina haya ni sauti tamu za mbali. Kwa mtoto wa Shika Adabu au wa Bamburi ni maneno yenye maana. Anajua kupumbaa ni nini. Anajua pia kwamba akimwita mwenzake mshenzi atakaripiwa, kwa kuwa neno hilo humtoa mtu katika utu na ustaarabu, na wakati wa ukoloni lilitumiwa kuwadunisha Waafrika.

Hivyo basi, mtoto huyu anaona kitu ambacho wakaguzi wa ng'ambo hawakukiona. Anaona nchi iliyogawanywa: upande mmoja una mwanga na wafalme, upande wa pili una giza, mifupa na njaa, na miongoni mwa wakazi wake yumo mwenye jina la tusi. Mtoto anayeishi katika mtaa unaodharauliwa na mitaa mingine anaweza kuuliza swali zuri sana: mbona fisi hawakupewa chakula? Swali hilo halitoshi kuifanya filamu ipigwe marufuku. Linatosha kuonyesha kwamba panahitajika mtu mzima wa kulisikia.

Msemo wa "hakuna matata" nao una funzo. Mombasa, msemo huu husikika zaidi vinywani mwa wanaowapokea watalii kuliko katika mazungumzo ya wenyeji nyumbani. Ndani ya filamu, ni falsafa ya kuukimbia wajibu, na kisa chenyewe hatimaye kinaipinga: Simba analazimika kurudi kwao. Mtoto aliyeshika msemo bila kushika kisa amebeba ganda na kuacha kiini.

Mtambaji wa Kibandani

Kigezo cha tatu ndicho kinachosahauliwa sana. Katika vibanda vingi vya video Afrika Mashariki, filamu za kigeni huonyeshwa zikiwa zimewekewa sauti ya msimulizi anayezifasiri na kuzichangamsha. Nchini Kenya, DJ Afro amekuwa mashuhuri kwa kazi hiyo. Nchini Tanzania, Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijipatia jina kubwa kwa kuzitambia filamu kwa Kiswahili, na nchini Uganda wasimulizi wa aina hii hutumia Kiganda. Kwa mtazamo wa fasihi simulizi, hawa ni fanani kamili. Hubadilisha majina ya wahusika, huingiza methali, mzaha na mambo ya mtaani, na huiambia hadhira nini cha kutarajia.

Usanii huu unastahili heshima. Umewawezesha watu wasiojua Kiingereza, Kichina au Kihindi kufurahia filamu, na umeuendeleza utambaji katika zama za umeme. Hata hivyo, unaleta tatizo la kimantiki katika suala la ufaafu. Bodi ilikagua filamu kama ilivyotoka kwa mtengenezaji, ilhali mtoto anasikiliza filamu kama ilivyotambwa upya. Kisa cha mtoto na mnyama wake kinaweza kutiwa matusi, kejeli kwa wanawake au mzaha wa watu wazima, bila picha hata moja kubadilika. Cheti kitakuwa cha filamu moja na masikio ya mtoto yatakuwa yamepokea nyingine.

Kinyume chake pia ni kweli. Msimulizi mwenye busara anaweza kufanya alichofanya bibi mkekani: kueleza kwamba huyu atapona, kumkemea mhusika mwovu, au kulifafanua jambo gumu. Tatizo ni kwamba sauti yake imekwisha kurekodiwa. Haioni kwamba katika safu ya mbele ameketi mtoto wa miaka saba peke yake.

Kuiga na Mazingira ya Mtoto

Kigezo cha nne ni kuiga. Katika Home Alone ya mwaka 1990, mtoto aliyeachwa nyumbani peke yake anawashinda wezi wawili kwa mitego ya pasi, makopo ya rangi, misumari na moto. Wezi huanguka, huungua, kisha huinuka. Watazamaji hucheka kwa sababu wanajua ni mchezo. Mtoto mdogo hajui hivyo kila mara. Isitoshe, vifaa vyote hivyo anavyo karibu: jiko la makaa, stovu ya mafuta taa, ngazi ya fundi na paa la nyumba ya jirani. Filamu iliyotengenezwa ikimfikiria mtoto mwenye walezi karibu haitafsiriki vivyo hivyo katika chumba ambamo mkubwa wa nyumba ana umri wa miaka kumi.

Mfano wa Supa Modo

Filamu ya Kenya iitwayo Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina na kuonyeshwa katika Tamasha la Filamu la Berlin mwaka 2018, inavikutanisha vigezo hivi vyote. Jo ni msichana wa miaka tisa anayeugua ugonjwa usio na tiba. Mamake anamrudisha nyumbani ili aishi siku zake zilizobaki. Jo anapenda filamu za mashujaa, naye hutamani kuwa mmoja wao. Dadake, Mwix, anamfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na hatimaye kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea filamu yake mwenyewe.

Je, inamfaa mtoto? Ukitumia kigezo cha kuepuka huzuni, jibu ni hapana, kwa kuwa kifo kinanukia tangu mwanzo na hakikwepwi. Ukitumia vigezo vya makala haya, jibu ni tofauti. Hofu inafungwa, kwa sababu Jo hayuko peke yake hata mara moja na kijiji kinabaki na kumbukumbu yake. Lugha inamfikia mtoto wa Kenya moja kwa moja, Kiswahili kikiwemo, bila kupitia kwa mfasiri. Kinachohitaji tahadhari ni nguvu za kuruka, ambazo mtoto mdogo anaweza kuzijaribu juu ya paa, na swali ambalo bila shaka litaulizwa usiku: "Mama, na mimi nikiugua?" Filamu hii inamfaa mtoto mwenye mtu wa kumjibu. Kwa asiye naye, inaweza kuwa mzigo.

Maswali ya Kujiuliza

Kutokana na uchambuzi huu, mzazi au mlezi anaweza kuongozwa na maswali yafuatayo:

(a) Je, hofu iliyofunguliwa na filamu inafungwa, na mtoto ataitazama hadi hapo inapofungwa?
(b) Je, maneno na majina yaliyomo yana maana gani katika lugha ya mtoto huyu, si katika lugha ya mtengenezaji tu?
(c) Je, ni nani anayeisimulia, na anaongeza au kupunguza nini?
(d) Je, yanayotendwa na shujaa yanaweza kujaribiwa kwa vifaa vilivyomo nyumbani?
(e) Je, nani ataketi kando ya mtoto, au kumsikiliza baadaye?

Wapo watakaopinga kwa methali: mtoto akililia wembe, mpe. Kwa maoni yao, dunia itamfunza. Methali hiyo hutumika kwa mtoto aliyekwisha kuonywa akakaidi, ili jeraha dogo lifanye kazi ambayo maneno yameshindwa kuifanya. Mtoto anayetazama filamu peke yake hajaonywa na yeyote. Akipewa wembe, anapewa bila onyo na bila mtu wa kumfunga kidonda.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba daraja la umri ni la lazima lakini halitoshi. Humwambia mwenye ukumbi nani aingie. Halimwambii mzazi wa Likoni, Kisauni au Changamwe mtoto wake ametoka na nini. Haitakuwa haki kumtaka mama anayerudi na feri ya jioni aketi kibandani mchana kutwa, kwani kazi ndiyo inayoleta chakula. Lakini lipo jambo ambalo linawezekana hata kwa aliyechoka, nalo ni kuliongeza swali lake. Baada ya "Picha gani?", aulize: "Na ilimalizikaje? Hebu nitambie."

Hapo mtoto anageuka kuwa fanani na mzazi kuwa hadhira. Mahali atakapoharakisha, atakaporuka au atakaponyamaza ghafula ndipo palipomwumiza, na hapo ndipo mzazi anapoweza kutia neno. Ikiwa umeme ulikatika kabla ya Simba kuujua ukweli, mzazi ataumalizia mwenyewe mwisho huo, jikoni, huku akipakua wali.